UZI: Umegonga ukiwa umekunywa. Stika inalipa nini, bima kubwa inakataa nini hapa Uganda?

AjentiNakasero (Kampala)

Wadau, Kawunyemu, ule msako wa polisi wa kupima madereva pombe, ikishatanda barabarani mwisho wa mwezi, swali ni lile lile: "Nikikutwa nimekunywa, bima yangu imekufa?" Jibu la vijiweni ni ndiyo, imekufa yote. Ni jibu la nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomaliza watu pesa. Nafungua uzi huu tulipange. Wenye ujuzi wa sheria, vipimo na gereji karibuni, ila tusilete hadithi za "binamu yangu aliambiwa".

Tuanze na karatasi zenyewe. Stika ni ile bima ya lazima chini ya sheria ya bima ya magari ya 1989. Inamhusu mtu wa tatu, yaani uliyemgonga: kifo chake na majeraha ya mwili wake. Gari lako halimo, na ukuta wa jirani uliouvunja haumo. Bima kubwa ni mkataba wa hiari kati yako na kampuni. Humo ndimo kuna gari lako, mali ya watu uliyoharibu, na fidia ya watu juu ya kile cha lazima. Pombe inaingia kwenye kila karatasi kwa mlango wake.

Chukua mkataba wako wa bima kubwa. Ruka ukurasa wenye namba ya gari na thamani, nenda penye orodha ya yasiyofidiwa. Karibu yote imeandikwa kwa Kiingereza, lakini ukiigeuza sentensi inayokuhusu utapata kitu cha namna hii: kampuni haitawajibika kwa ajali, hasara au uharibifu unaotokea *wakati* gari linaendeshwa na mwenye bima, *au mtu mwingine yeyote kwa ruhusa yake*, akiwa *amelewa* kileo au dawa.

Soma tena hayo maneno matatu niliyoyalaza. "Wakati", si "kwa sababu". "Mtu mwingine yeyote", kwa hiyo hata shemeji uliyempa funguo. Na "amelewa", bila namba yoyote. Ugomvi wote wa madai ya pombe huwa umejificha kwenye moja ya hayo matatu.

---

DerevaFuso (Busia)

Asante ajenti. Kwa hiyo mtu akigongwa na mlevi mwenye stika halali, analipwa au halipwi? Huku mpakani wengi wanaamini halipwi, na ndiyo maana wanakimbilia kumalizana kienyeji pale pale barabarani.

---

WakiliNjeru (Jinja)

Analipwa, ndugu. Bima ya lazima iliwekwa kwa ajili ya aliyeumia, na yeye hakuketi mezani wewe na kampuni mlipokubaliana masharti. Kampuni haiwezi kumwambia mjane, "dereva wetu alikuwa amelewa, nenda salama." Inamlipa, kisha inakugeukia wewe uirudishie kilichotoka. Hiyo haki ya kurejeshewa ndiyo watu hawaijui mpaka barua ya madai ifike nyumbani.

Shida ni kiasi. Ukomo wa sheria kwa mtu mmoja ni shilingi milioni 1. Ni kiwango cha 1989, na kwa bei za hospitali za leo hakifiki mbali. Tuweke mfano. Dereva aliyekunywa anamgonga mtu pale kwenye daraja la Njeru, anamvunja paja. Mahakama inampa majeruhi milioni 30. Kwenye stika kampuni inatoa milioni 1. Zile 29 zilitakiwa zitoke kwenye sehemu ya watu wa tatu ya bima kubwa, ila kampuni inashika kile kifungu cha ulevi na kusema sehemu hiyo ni ya hiari, na hiari ina masharti. Dereva anabaki na deni la milioni 29, na ile 1 iliyolipwa anadaiwa airudishe. Jumla 30, na gari lake bado limelala gereji halijaguswa.

Sasa linganisha na dereva asiyekunywa mwenye mkataba ule ule: analipa eksesi yake tu, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unamwachia mwenye bima.

Kumalizana kienyeji barabarani ni hatari mara mbili. Karibu kila mkataba unakataza kukiri kosa au kuahidi fidia bila kibali cha kampuni. Ukishaandika kwenye kikaratasi "nimekubali kumlipa milioni 2", umevunja sharti jingine kabla hata pombe haijajadiliwa. Na majeruhi naye asidhani kikaratasi kile kimemaliza: ana miaka 3 ya kufungua kesi ya uzembe uliomjeruhi.

---

DerevaFuso

Hapo kwenye miaka 3 umenigusa wakili. Na abiria wa bodaboda je?

---

WakiliNjeru

Boda nayo lazima iwe na stika, na abiria wake yumo kwenye watu wa tatu. Tofauti ni moja: abiria aliyekuwa akinywa na mwendesha boda meza moja, kisha akapanda nyuma yake akijua hali, fidia yake mahakamani inaweza kupunguzwa kwa kuwa alichangia hatari yake mwenyewe. Inapunguzwa, haifutwi.

---

AfandeMstaafu (Mbarara)

Nizungumzie kipimo, maana hapo ndipo kesi nyingi za bima huanguka au kusimama.

Kiwango cha sheria yetu ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Mashine ya barabarani haipimi damu, inapima pumzi, na kila modeli ina kipimio chake kwenye kioo. Miligramu 80 za damu zinalingana na takriban mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, ambazo ni sawa na 0.35 kwa mashine inayosoma miligramu kwa lita. Mashine inayosoma asilimia ya damu itaandika 0.08 kwa hali ile ile. Mtu anaona 0.40 kwenye kioo anajisifu kuwa "sijafika hata nusu". Kama kipimio ni miligramu kwa lita, huyo yuko kwenye kama 92 za damu. Ameshapita.

Karatasi inayotoka kwenye mashine itunzwe kama cheki ya benki. Ina namba ya mashine, tarehe na saa, matokeo, na kwenye mashine nyingi tarehe ya mara ya mwisho ilipokaguliwa usahihi wake. Mambo ya kutazama:

Muda kati ya glasi ya mwisho na kipimo. Pombe iliyobaki mdomoni hudanganya mashine, na dawa ya kusukutua kinywa ni hivyo hivyo. Subira ya dakika 15 bila kunywa, kuvuta wala kucheua ndiyo utaratibu mzuri.

Saa ya ajali na saa ya kipimo. Ajali ya saa nne usiku, kipimo cha saa tisa, hiyo ni tofauti ya saa tano. Kampuni italeta mtaalamu ahesabu kurudi nyuma, na kwa kawaida hesabu hiyo inampandisha dereva badala ya kumshusha.

Kukataa kupuliza ni kosa peke yake, na hakukusaidii kwa bima. Mchunguzi wao atauliza tu: kwa nini mtu mzima asiye na cha kuficha agome?

Kuondoka eneo la ajali ndiyo mbaya zaidi, isipokuwa umati umekuwa mkali na unakwenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Ukifika kituo, hakikisha muda wa kufika umeandikwa.

---

MuuguziMbale

Afande, niongeze upande wa hospitali. Majeruhi hapulizi mashine, anatolewa damu, na damu ya kesi ina mambo yake. Ngozi isafishwe kwa kitu kisicho na spiriti. Chupa iwe ile ya kifuniko cha kijivu yenye sodiamu floridi, la sivyo vijidudu vinaweza kutengeneza pombe ndani ya chupa yenyewe ikikaa. Kila aliyeipokea atie saini mpaka ifike kwenye maabara ya serikali ya uchunguzi pale Wandegeya.

Jingine ambalo mawakili wengi wanalipita: maabara ya hospitali mara nyingi hupima majimaji ya damu baada ya kuondoa seli, si damu nzima. Kipimo hicho husoma juu kwa kama asilimia 15. Matokeo ya 90 ya majimaji ni kama 78 ya damu nzima. Yaani upande mmoja wa mstari kwa upande mwingine. Uliza maabara walipima nini kabla hujakubali namba.

Na yale maandishi ya mapokezi, "mgonjwa ananuka pombe", ni alichonusa mtu, si kipimo. Yanathibitisha kuwa alikunywa. Hayathibitishi kiasi.

---

KijanaWaNtinda

Tuacheni maabara. Ni bia ngapi?

---

MuuguziMbale

Nilijua litakuja 😀. Chukua hesabu hii kama makadirio, usiende nayo baa kama leseni.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe. Mwanamume wa kilo 70 anapanda kama miligramu 41 kwa chupa. Mwili unashusha kama 15 kwa saa, wengine 10, wengine 20, na kahawa, supu ya mchemsho au maji baridi havibadilishi kitu.

Ameanza saa mbili usiku, amemaliza ya nne saa tano. Chupa nne ni kama 165, toa saa tatu mara 15, anatoka mlangoni akiwa na kama 120. Atashuka chini ya 80 karibu na saa nane kasoro usiku. Atafika sifuri saa moja asubuhi, yaani wakati anapeleka watoto shule.

Dada wa kilo 60 kwa chupa hizo hizo na saa hizo hizo anatoka na kama 190. Yeye atashuka chini ya 80 saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ameshalala, ameamka, ameoga, na bado yuko juu ya sheria.

Chupa ndogo ya waragi, ile ya mililita 200 iliyobaki baada ya vifuko kupigwa marufuku, ikiwa na asilimia 40 ina gramu 63. Hiyo ni zaidi ya bia tatu ndani ya mfuko wa shati. Malwa na tonto, pombe zetu za kienyeji, hata msinihesabishe, hakuna lebo.

---

AjentiNakasero

Hesabu hii inabeba jambo la bima ambalo wengi hawalioni. Kifungu kinasema "amelewa", sheria ya barabarani inasema 80. Je, mtu mwenye 60 amelewa?

Inategemea mkataba. Mingine imeandika wazi "kupita kiwango cha sheria". Huyo wa 60 yuko salama. Mingine imeacha "chini ya athari ya kileo", na hapo kampuni inaweza kujaribu kuthibitisha kwa namna nyingine: mashahidi waliomwona akiyumba, gari kupanda kisiwa cha barabara mahali palipo wazi, maneno yake mwenyewe kwenye maelezo ya polisi. Ukinunua bima, uliza swali hilo moja kabla ya bei. Ajenti asiyejua jibu, mwombe akuletee maandishi ya kifungu.

---

WakiliNjeru

Na mzigo wa kuthibitisha ni wa kampuni. Wewe unaonyesha kuwa una bima hai na gari limeharibika. Kampuni inayotaka kujificha nyuma ya kifungu cha ulevi ndiyo inayoleta ushahidi wa ulevi. Haihitaji ushahidi mzito kama wa kesi ya jinai, inatosha kuwa yaelekea zaidi ndivyo ilivyokuwa. Neno lenye utata husomwa dhidi ya aliyeliandika, na aliyeandika ni kampuni.

Ila kuna mtego hapa. Dereva anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuendesha akiwa amelewa, anachoka na foleni, anakiri ili alipe faini aende zake. Kukiri huko ni maandishi ya mahakama. Kampuni inachukua nakala, na madai ya gari la milioni 40 yamekufa kwa sababu ya faini iliyolipwa asubuhi moja. Sisemi mtu akane kosa alilofanya. Nasema aongee na wakili kabla hajafungua mdomo, ajue neno moja lina bei mbili.

---

BrokaWaKololo

Nipinge kidogo lile la "wakati" dhidi ya "kwa sababu". Gari limesimama kwenye taa nyekundu Jinja Road, dereva ana 110, lori linamgonga nyuma. Ulevi wake haukuhusika hata chembe. Kampuni ikikataa hapo ni uonevu.

---

WakiliNjeru

Uonevu labda, mkataba ni mkataba. Kama kimeandikwa "wakati gari linaendeshwa na mtu aliyelewa", kampuni ina hoja, maana kusimama kwenye taa injini ikiwaka bado ni kuendesha. Kama kimeandikwa "kutokana na" au "kwa kusababishwa na", hoja imeporomoka.

---

BrokaWaKololo

Basi tukubaliane kwa hili: huyo dereva asipoteze muda kugombana na kampuni yake mwenyewe. Aende kwa mwenye lori. Aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye uzembe, na kifungu cha ulevi kwenye mkataba *wangu* hakimkingi mtu asiye sehemu ya mkataba huo. Kama lori lina bima kubwa, uharibifu wa gari unadaiwa kwenye sehemu yake ya mali za watu. Watajaribu kusema dereva alichangia kwa kuwa amekunywa. Wathibitishe ni kitendo gani alichofanya akiwa amesimama.

Na gari lililoegeshwa, dereva yuko ndani ya baa, likagongwa au kuibwa? Halikuwa likiendeshwa. Kifungu hakigusi.

---

WakiliNjeru

Hapo tuko pamoja mzee.

---

MenejaMagari (Tororo)

Upande wa makampuni na mikopo umesahaulika.

Gari la kampuni, dereva ameajiriwa, bosi amelala nyumbani kwake. Dereva analewa anaangusha gari. Mikataba mingi itakataa kulipa gari, kwa sababu dereva ni "mtu mwingine yeyote kwa ruhusa". Michache ina nyongeza inayosema ulevi lazima uwe *kwa kujua kwa mwenye bima*. Kwa mwenye magari kumi, nyongeza hiyo ina thamani kuliko punguzo lolote la bei. Iombeni kwa maandishi wakati wa kuhuisha. Hata ikipatikana, kampuni itauliza ulifanya nini kumzuia dereva: kuna daftari la kipimo cha pumzi getini? Saa ya kuondoka gari imeandikwa? Daftari lenye sahihi zilizojazwa siku moja kwa kalamu moja linatambulika kwa macho.

Aliyegongwa atamshtaki mwajiri pamoja na dereva. Kusema "sikumtuma anywe" hakutoshi ikiwa dereva alikuwa kazini.

Gari la mkopo: benki imeandikwa mpokeaji wa kwanza wa malipo. Watu wanadhani hiyo inamaanisha benki ndiyo imekatiwa bima, kwa hiyo mkopo uko salama. Hapana. Madai yakikataliwa hakuna cha kupokea, na mkopo unaendelea kudaiwa juu ya chuma chakavu. Kuna kifungu maalumu cha kumlinda mkopeshaji hata mkopaji akivunja sharti. Kikiwepo kampuni inailipa benki, kisha inakufuata wewe.

---

DerevaFuso

Na sisi wa kuvuka? Kadi ya njano inatubeba?

---

BrokaWaKololo

Kadi ya njano ya COMESA ni ya watu wa tatu, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wa gari lenyewe. Ukimgonga mtu Eldoret, inafuata sheria ya bima ya lazima ya Kenya, si ya Kampala. Gari lako na mzigo wako havimo. Kwa gari lazima bima kubwa yako iwe na nyongeza ya eneo iliyolipiwa *kabla* ya kuvuka Malaba au Busia, na kifungu cha ulevi kinasafiri nayo. Kadi ikishalipa huko, kampuni iliyoitoa ina njia yake ya kukudai hapa nyumbani.

---

FundiNdeeba

Jambo dogo la gereji. Gari likikokotwa kwetu na kampuni haijakubali madai, mtathmini huja na kuandika ripoti "bila kukubali wajibu". Maneno hayo si idhini ya kutengeneza. Mwenye gari anaona mtathmini amepiga picha, anatuambia fungua injini. Madai yakikataliwa bili ni yake. Na gereji inatoza maegesho kwa siku. Barua ya kampuni ikichelewa wiki sita, maegesho yanaweza kula thamani ya bodi. Omba kwa maandishi nani analipa maegesho wakati uchunguzi unaendelea.

---

AjentiNakasero

Tumefika kwenye karatasi, kwa hiyo niseme hatua, kwa yule ambaye ajali imeshatokea na pombe imetajwa.

Toa taarifa kwa kampuni ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi saa 24 au 48. Usisubiri kesi ya trafiki iishe. Peleka fomu ya madai, nakala ya leseni, kadi ya gari, ripoti ya polisi, ripoti ya mkaguzi wa magari, na picha.

Kwenye fomu kuna swali: ulikunywa kileo ndani ya saa kadhaa kabla ya ajali? Jibu ukweli. Uongo hapo ni kosa jipya, na unaua hata madai ambayo pombe yenyewe isingeyaua. Mtu mwenye 30 angelipwa, akaandika "sikunywa kabisa", mchunguzi akaleta risiti ya baa. Sasa suala limetoka kwenye ulevi limekuwa udanganyifu.

Sasa jambo la Waswahili hasa: SAA. Dereva anasema ajali ilitokea "saa nane usiku". Mwandishi wa fomu anaandika 8:00 pm. Polisi ameandika 2:00 am. Mchunguzi anaona tofauti ya saa sita, na katika madai yenye harufu ya pombe saa sita ni kila kitu, maana ndizo zinazoamua kiwango cha damu kilikuwa ngapi. Soma fomu kabla ya kutia saini, na ombeni iandikwe kwa mtindo wa saa 24: 02:00.

---

AfandeMstaafu

Hilo la saa nakubali kwa mikono miwili. Hata kwenye maelezo ya polisi hutokea, hasa dereva akihojiwa kwa Kiswahili na kuandikiwa kwa Kiingereza. Omba usomewe kwa lugha unayoielewa kabla ya saini. Ni haki yako.

---

KijanaWaNtinda

Sawa. Kampuni imekataa kwa simu, wanasema "ulikuwa mlevi, hakuna pesa". Baada ya hapo?

---

WakiliNjeru

Simu si jibu. Andika barua uombe sababu kwa maandishi, wataje namba ya kifungu na ushahidi wanaoutegemea, pamoja na nakala za ripoti ya mchunguzi na ya kipimo. Barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Jibu lisiporidhisha, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wako Nakasero, barabara ya Kyadondo. Chini ya Sheria ya Bima ya 2017 wao ndio wasimamizi wa makampuni, na wana kitengo cha malalamiko kisichotoza ada. Peleka mkataba wote, si ukurasa wa kwanza tu, barua zote kwa mpangilio wa tarehe, na maelezo mafupi ya unachodai. Hawatasikiliza kilio, watasoma kifungu na kutazama kama ushahidi unakijaza.

Angalia pia kama mkataba una kifungu cha usuluhishi, na kama una mstari unaosema madai yaliyokataliwa yasipofuatiliwa ndani ya miezi 12 yamekufa. Mstari huo huwa mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, karibu na anwani.

Na ukiletewa hati ya kukubali malipo, isome. Wakati mwingine kampuni isiyo na uhakika na ushahidi wake hutoa nusu "kwa hisani". Saini hiyo inafunga mlango wa nusu nyingine. Inaweza kuwa biashara nzuri kwako, inaweza isiwe. Ila ujue unachofunga.

---

BrokaWaKololo

Na mwaka unaofuata, fomu ya maombi itauliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani au kukataliwa madai. Kuhamia kampuni nyingine hakufuti swali. Ukificha, wanaweza kuutengua mkataba mzima siku ya ajali nyingine, hata ukiwa umekunywa maji matupu. Ukisema ukweli utaongezewa bei au eksesi, na wengine watakukatalia bima kubwa.

---

MamaWaWalukuba

Samahani wakubwa, mimi nauliza dogo. Mume amekunywa, mke hajanywa lakini leseni yake imeisha muda. Nani aendeshe?

---

AjentiNakasero

Nyabo, asiendeshe yeyote. Ukurasa ule ule wa yasiyofidiwa, mara nyingi mstari unaofuata ule wa ulevi, ni wa dereva asiye na leseni halali. Acheni gari penye mlinzi, chukueni namba ya mlinzi, mpande boda mbili. Gari lililoegeshwa lina bima.